Mahali Alipovuta Pumzi

Kwaya yetu ya wanaume ina watu kumi na tisa, na wanaojua kusoma nota hawazidi wanne. Sisi wengine tunaimba kwa masikio. Kila sauti ina mtu mmoja tunayemwita nguzo. Mwalimu humfundisha nguzo peke yake, neno kwa neno, mpaka ashike; kisha sisi wa sauti ile tunasimama nyuma yake na kudaka. Akipanda tunapanda, akishuka tunashuka. Akikosea tunakosea pamoja naye, na anayesikiliza anadhani tulipanga.

Nguzo ya besi alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Miaka tisa nilisimama nyuma yake, na nadhani nilikijua kisogo chake kuliko uso. Alikuwa na kovu la jipu la utotoni chini ya nywele, na ukosi wa shati lake ulikuwa umelika upande mmoja. Watu walisema sauti yake inaanzia chini ya sakafu. Mimi ninayo sauti hiyohiyo, tumeirithi kwa baba, lakini sikuwahi kutaka kusimama mbele. Nyuma palinitosha.

Tulimzika mwezi wa nne, mvua ikiwa nyingi. Ilibidi vijana wachote maji kaburini kwa ndoo kabla hatujamshusha. Kwaya iliimba na besi ikayumba, kwa kuwa hapakuwa na wa kuianzisha. Siku za msiba ambazo hatushiki jembe zilipokwisha, watu walirudi mashambani na kwaya ikarudi mazoezini. Tulikuwa na matamasha mawili mbele yetu, la kwanza Ngara mjini, la pili wiki moja baadaye Nyarubungo, kule Biharamulo. Tulikuwa tumeyakubali yeye akiwa hai. Hakuna aliyeuliza kama tuyaache. Hata mimi sikuuliza.

Mazoezi tunayafanyia darasa la tano la shule ya msingi hapa Murukulazo, saa kumi jioni, watoto wakishatoka. Wazee wazima tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu, tukisubiri kuambiwa simameni. Mwalimu wa kwaya ni mwalimu wa shule hiyohiyo, kijana aliyetoka mbali. Alikuwa ameenda masomoni mara tu baada ya Krismasi ya mwaka juzi, na kwa muda wote huo mdogo wangu ndiye aliyeishika kwaya. Mwalimu alirudi mwezi wa tano. Alinikuta mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Pole sana. Habari zilinifikia nikiwa kwenye mitihani."

"Marahaba. Asante, tumeshapoa."

Hatukuwa tumepoa, lakini ndivyo inavyojibiwa.

Jioni ile alitaka asikie kwanza tulipofika. Tulianza na wimbo alioutunga mwenyewe zamani, unaohusu watu waliohamia upande wetu huu na watoto wao na mizigo yao. Ndani yake kuna mstari mmoja wa besi peke yao, sauti nyingine zikiguna tu kwa chini: "Tulipovuka mto hatukugeuka nyuma." Ni mstari mrefu, na unatakiwa uimbwe kwa pumzi moja.

Mwalimu aliinua mkono. "Subirini. Besi, mnafanya nini hapo?"

"Wapi, mwalimu?"

"Hapo kwenye hatukugeuka. Mnasema hatuku, mnavuta pumzi, ndiyo mnamalizia geuka. Neno moja mnalipasua kama kuni."

Katika sauti ya tena, ile ya juu ya besi, kuna Msukuma mmoja mfugaji, aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, na mdomo wake haujui kulala. "Ndizi hizo, mwalimu," akasema. "Watu wa ndizi wana pumzi ya kuku. Wapeni ugali wa mtama muone kama watakatika."

"Nyamaza wewe," mmoja wetu akamjibu. "Ng'ombe zako zinaimba kukushinda, na hazijafundishwa."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.

"Nilipoondoka hamkuwa mnaimba hivi. Nani kawafundisha?"

Mbele ya safu yetu palikuwa na nafasi ya mtu mmoja ambayo tulikuwa tumeiacha bila kuambiana. Watu waliangalia pale. Mwishowe mzee mmoja wa besi, mkubwa kwetu sote, akasema taratibu, "Ndivyo alivyokuwa anaimba marehemu. Sisi tulijua ni madoido."

"Madoido?"

"Ndiyo. Tulijua kaongeza."

Mwalimu alipanguza chaki mikononi. Nadhani na yeye alielewa muda uleule kwamba hayakuwa madoido, maana sauti yake ilipungua. Akasema haya, pengo hilo tutaliondoa polepole. Kisha akaniangalia mimi. "Mzee, wewe ndiye utakayesimama pale mbele. Sauti ni ileile."

Kesho yake nilikwenda kwa yule Msukuma. Yeye hurekodi kila kitu kwenye simu, harusi, mahubiri, hata minada ya ng'ombe. Nilimwambia nataka kusikia wimbo ule tulivyouimba nyuma huko. Alitafuta, akanipa simu, tukakaa kwenye magogo karibu na zizi.

Ya Krismasi ya mwaka juzi ilikuwa nzima. Mstari wote ulipita kama kamba iliyovutwa. Ya Pasaka ya mwaka jana ilikuwa na kitu kidogo hapo katikati, kama mtu aliyejikwaa akajishika. Alikuwa amejikwaa yeye peke yake, sisi tulikuwa tumepita. Ya siku ya mavuno, miezi mitatu baadaye, pengo lilikuwa pana na besi nzima ilikuwa imeingia ndani yake. Watu watano wenye afya zao, wanaolima kutwa, wanavuta pumzi pamoja na mgonjwa.

Mwisho wa ile ya mavuno simu ilikuwa imeendelea kurekodi baada ya wimbo kwisha. Inasikika sauti ya Msukuma: "Jamani, betri ya besi imekwisha, ipelekwe kuchajiwa!" Watu wanacheka. Mdogo wangu anacheka pia, kicheko kinachoishia kwenye kikohozi. Na kuna mtu anacheka kuliko wote, karibu kabisa na simu. Ni mimi.

"Weka tena," nikasema.

"Mzee, basi."

"Weka tena."

Aliweka. Ilipokwisha alizima simu, akaitia mfukoni. Akasema, "Mimi nilikuwa natania tu, kaka." Nikamwambia najua. Nilikuwa najua kweli, na sikumlaumu. Yeye hakuwa ndugu yake.

Nilipokuwa narudi nyumbani nilimkumbuka daktari. Tulimfikisha mdogo wangu hospitali mwanzoni mwa mwezi wa nne, miguu imevimba, hawezi kulala chali. Daktari aliniuliza mimi kwa kuwa ndiye mkubwa: "Mzee, alianza lini kuishiwa pumzi?"

Nikajibu, "Wiki tatu."

Mke wa mdogo wangu alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Aliniangalia, akainamisha kichwa, hakusema neno. Daktari akaandika wiki tatu. Baada ya vipimo alirudi akatuambia moyo umetanuka sana, na kwamba moyo hautanuki hivyo kwa wiki tatu. Hakugomba. Alisema tu ingekuwa vizuri angeletwa mapema.

Siku ile niliamini nimesema kweli. Wiki tatu ndizo nilizoziona kwa macho. Lakini kifua changu mwenyewe kilikuwa kimehesabu mwaka mzima. Nilisimama nyuma yake hatua moja, nikasikia mahali anapokatika, nikajifunza kukatika palepale, nikapashika vizuri nisikosee. Ugonjwa wake niliukariri kama nota.

Na kuna jingine, ambalo sikumwambia mtu yeyote mpaka leo ninapoandika. Shemeji alikuwa ameniambia. Ilikuwa wakati wa kupanda maharage, mwezi wa kumi mwaka jana. Alinikuta shambani, akasimama kwenye tuta na jembe begani.

"Shemeji, naomba umwambie apumzike kidogo na kwaya. Mimi hanisikii. Akiimba nyumbani anakatikia njiani, anakaa chini kwanza."

"Besi haina mtu, shemeji," nikamwambia. "Akitoka yeye inaanguka."

"Na wewe je?"

"Mimi si wa mbele."

Alingoja kidogo, labda aone kama nina la kuongeza. Kisha akaenda. Mimi nikaendelea kufukia mbegu. Sikuwa namdanganya, ndivyo nilivyofikiri. Lakini lazima niseme pia kwamba nilipenda kuitwa kaka wa nguzo. Nilipenda tulipotoka kuimba watu wamshike yeye mkono kisha wanishike mimi. Na nilipenda kusimama mahali ambapo mtu akikosea si mimi ninayeonekana.

Mwalimu alitufundisha kuliondoa pengo kwa miguu. Kila jioni alitutoa nje sisi wa besi, tukaimba mstari ule tukitembea kutoka mlango wa darasa la tano mpaka mlingoti wa bendera, na haikuruhusiwa kuvuta pumzi kabla ya kuugusa mlingoti. Mimi mbele, wanne nyuma. Siku ya kwanza sote tulikatikia palepale, karibu na mawe meupe yaliyopangwa kando ya njia, kana kwamba kuna mtu ametuzuia. Yule mzee mkubwa wetu alisema, "Mimi kifua kimeshakariri, mwalimu. Kifua cha mtu wa miaka sabini hakifutiki kama ubao."

Sikutaka liondoke. Ningependa niandike kwamba ni kwa sababu ya kumpenda ndugu yangu, kwamba pale ndipo alipokuwa amebaki. Ni kweli kiasi. Lakini nilijua pia kwamba likiondoka, na wimbo ukabaki unasimama vilevile, jibu nililompa shemeji shambani litakuwa limekosa pa kujificha.

Jioni ya nne niliufikia mlingoti. Niliushika, na pumzi bado ilikuwepo, ningeweza kwenda hatua nyingine tano. Nyuma yangu wote walikuwa wamefika, hata mzee. Mwalimu alifurahi akapiga makofi.

"Unaona, mzee? Ulikuwa nayo siku zote!"

Alikuwa ananisifu. Niliendelea kuushika ule mlingoti mpaka walipoanza kurudi darasani.

Tamasha la Ngara lilifanyika mchana, Jumamosi. Tulivaa mashati meupe na suruali nyeusi, tukapanda lori tukiwa tumesimama ili nguo zisikunjamane. Sikujua kama shemeji angekuja. Nilipotoka na kusimama mahali pa nguzo nilimwona safu ya tatu, amejifunga kitenge mabegani, mikono imelala mapajani. Alikuwa ananiangalia mimi, au mahali niliposimama, sijui.

Mstari wetu ulipofika nilianza. "Tulipovuka mto." Nikaona uso wake unainuka. Alikuwa amemsikia mumewe akiuimba jikoni, uani, njiani kwenda kisimani, mwaka mzima, na alijua mahali penyewe kuliko sisi. Midomo yake ilifunguka kidogo. Alivuta pumzi, palepale, akangoja. Sisi hatukusimama. Neno lilipita zima, mstari ukafika mwisho, watu wa sauti ya tena wakaupokea. Shemeji alibaki na pumzi yake kifuani muda mrefu, kisha akaitoa na kuangalia mikono yake.

Watu walipiga makofi mengi. Mgeni mmoja wa meza kuu alisema kwenye kipaza sauti kwamba besi ya Murukulazo ni kama ngoma ya ngozi ya ng'ombe dume. Msukuma akanigonga mbavuni, akaninong'oneza, "Umesikia? Ng'ombe wametajwa. Sifa ni za kwangu."

Nje, watu wakinunua soda na maandazi, shemeji alinifuata. Tulisalimiana. Aliniuliza habari za nyumbani, nikamwuliza za watoto.

"Mmeimba vizuri, shemeji," akasema.

"Asante."

"Kumbe mngeweza bila yeye."

Hakuinua sauti. Alisema kama mtu anayetaja kwamba mvua imekatika. Nilitaka kumwambia kwamba nakumbuka siku ile ya maharage, kwamba nakumbuka pia alivyonyamaza mbele ya daktari ili nisiaibike. Maneno yalikuwepo. Nilichosema ni kumwuliza kama amepata bodaboda wa kumrudisha. Akasema amepata, anamsubiri kule chini, stendi. Akajifunga kitenge vizuri, akashuka.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Nyarubungo. Shemeji hakuja, na sikumtarajia. Nilisimama mbele, nikaanza mstari, nikapita mahali pale bila kusimama, na wenzangu wakapita nyuma yangu. Besi haikupungukiwa na kitu.