Machela Iliyotundikwa Ukutani

Siku gari la wagonjwa lilipoletwa katika kata yetu, sisi tuliikabidhi serikali machela yetu. Hakuna aliyetulazimisha. Chama cha machela kilikaa, kikaona kwamba kitu kisicho na kazi tena hakifai kuozea kwenye upenu wa mtu, na kwamba ofisi ya kata ina ukuta mzuri. Jirani yangu, seremala aliyekuwa kiongozi wa wabebaji, aliisuka upya kwa kamba za migomba na kuipaka mafuta miti yake miwili. Mtendaji wa kata aliitundika kwenye misumari, kisha akafunga kwenye mti mmoja kibao alichokiandika mwenyewe: TULIKOTOKA. Tukapiga makofi.

Machela ni kitanda cha matete kinachobebwa mabegani, na huku kwetu imepeleka watu hospitali tangu zamani za babu zetu. Ina sheria moja. Ukikutana nayo njiani ikiwa na mgonjwa, unaweka chini ulichobeba na kutoa bega, hata kama mgonjwa humjui. Anayepita bila kuingia chini ya miti yake haalikwi tena kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, nyumbani kwa mtu yeyote. Sijawahi kumwona aliyepita.

Gari lilianza vizuri. Baadaye dizeli ikawa kitu cha kusubiri. Baadaye tena tairi za nyuma ziliazimwa na gari jingine lenye shughuli za haraka, na letu likawekwa juu ya matofali. Dereva hakuacha kuja kazini. Kila asubuhi alifuta kioo cha mbele, akakaa kivulini. Mambo mengine nayo yalipungua kwa utaratibu huohuo. Kalavati lilisombwa na mvua, lori la ndizi likaacha kuja, mikungu ikaivia migombani, na mwenye duka pale njiapanda, ambaye ukoo wake ulitoka pwani, akaanza kuuza sukari kwa kijiko. Redio ilisema uchumi unakua. Hatukubisha. Hatukujua tu unakulia wapi.

Katika hali hiyo mama yangu aliteleza kibanjani, akikata majani ya kufunikia ndizi za mchana. Nilimkuta amelala kati ya migomba, panga bado mkononi. Mguu mmoja ulikuwa umegeukia nje na kuonekana mfupi kuliko mwenzake. Shule niliiachia darasa la saba, lakini nimesoma vitabu vya huduma ya kwanza vya kutosha kujua kwamba nyonga imevunjika, na kwamba mtu wa namna hiyo hapandishwi pikipiki. Niliufunga mguu kwenye mguu mzima kwa kanga, nikamwita jirani.

Jirani alimtazama, akavua kofia. "Waitu, ndugu yangu, hapa ni machela."

"Iko ofisini," nikasema.

"Najua iko wapi. Niliiosha kabla ya kuipeleka."

Majirani wawili walibaki na mama. Sisi tukaenda ofisini, tukamkuta dereva peke yake. Mtendaji alikuwa semina wilayani na ufunguo ulikuwa naye. Dirishani tuliiona machela yetu, safi, imepanguswa vumbi.

"Na gari?" jirani akauliza, ili tu tusiseme hatukuuliza.

"Hata lingekuwa na tairi," dereva akajibu, "lingepita wapi?"

Jirani aliukagua mlango. Alikuwa ameutengeneza yeye, na bawaba alizifunga kwa nje, kosa ambalo mwaka ule mtendaji hakuligundua. "Una bisibisi?" akamuuliza dereva.

Dereva alifungua gari, akapekua chini ya kiti, akaleta bisibisi. Huo ndio msaada ambao mama yangu aliupata kutoka gari la wagonjwa, na naurekodi hapa kwa haki. Tulitoa mlango, tukachukua machela, tukarudisha mlango. Dereva alifunga gari lake akatufuata. "Nitakaa kulinda nini?" akasema.

Tulimlaza mama juu ya godoro dogo. Alikuwa amejikaza hadi jasho linamtoka, lakini tulipoinua alisema, "Taratibu. Mimi si mkungu."

Hospitali ya misheni iko ng'ambo ya vilima viwili. Njiani watu waliingia kama zamani: mwanamke aliyetua kuni zake, walimu wawili, mwenye duka aliyefunga duka. Kwenye mteremko wa kijito alitokea mtendaji kwa pikipiki, na begi la semina mgongoni. Akasimama. Akaangalia kibao, ambacho hakuna aliyekumbuka kukifungua.

"Hii si ya ofisini?"

"Ndiyo yenyewe," jirani akasema. "Bega la kushoto, nyuma, liko wazi."

"Lakini mlango..."

"Mzima."

Mtendaji alimwangalia mama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia, mwanangu. Ya mlango mtazungumza mkifika."

Aliingia. Kwenye kilima cha pili alianza kutueleza kuhusu bajeti ijayo, akihema.

"Usiongee, mtendaji," dereva akamwambia. "Pumzi hiyo tunaihitaji."

Mama alilazwa, akafanyiwa upasuaji. Daktari alisema tungemkunja kwenye pikipiki, asingesimama tena. Machela ilingoja upenuni kwa jirani, kwa kuwa aliyepelekwa nayo hurudishwa nayo.

Siku ya kumrudisha, mtendaji alikuja bila kuitwa. Tulipofika mbele ya ofisi, mama aliinua mkono tusimame. Gari lilikuwa pale juu ya matofali, kioo kinang'aa.

"Limepata tairi?" akauliza.

Tulimwachia mtendaji ajibu. Alikuwa bega la kushoto, nyuma.

"Bado, mama."

"Basi twendeni," mama akasema.

Mtendaji hakuiulizia tena machela. Ukutani imebaki misumari.