Ukuta Uliokuwa Unasema

Nyumba yangu ya Keshero ilikuwa ya mbao. Ndani, kati ya saloni ya wageni na chumba cha kulala, marehemu bwana yangu alipigilia ukuta wa tripleksi, zile mbao nyembamba, vipande vinne. Mwaka wa soixante-dix-sept, sabini na saba, volkano ilitetemesha udongo siku nyingi, vipande vikaachana. Nafasi kati yao ilipitisha kidole. Kidole si kitu. Shida ni kwamba ilipitisha maneno.

Kwetu, watu wakija kuomba binti, wao wanakaa saloni na bia yao. Sisi wenye binti tunaingia chumbani, tunafunga mulango, tunawasema. Kila mutu anatoa ubaya wote anaoujua, kisha tunatoka na kucheka nao.

Walipokuja kwa Lucie, binti yangu wa kwanza, shemeji yangu Birindwa alisema kule chumbani: “Baba yao anakunywa kama kamyo ya mizigo inayopanda milima.” Birindwa ni karani, sauti yake imezoea kuita majina dirishani. Tulipotoka, saloni ilikuwa tupu. Hata chupa waliiacha nusu. Lucie alilia wiki mbili. Baadaye aliolewa Rutshuru, na mutu asiyekunywa na asiyeongea.

Kisha ikafika zamu ya Donatille, mudogo wake. Kwenye karatasi za Leta, za serikali, aliitwa Nshobole, ju ya kuwa majina ya kizungu yalikatazwa. Nyumbani kwangu Leta haingii. Alipenda kijana wa Masisi, Damien, na baba ya kijana, muzee Sibomana, angekuja dimanshi, siku ya misa.

“Mama,” Donatille aliniambia, “mimi sitaki bwana kama wa Lucie. Ziba ukuta, ao papa Birindwa abaki kwake.”

Birindwa hawezi kubaki kwake, ndiye anasimama pahali pa baba yao. Basi nikaziba.

Nilipika uji muzito wa unga wa muhogo, nikachanganya na chokaa. Cirimwami, fundi wa mbao, jirani yangu, alinikuta na sufuria.

“Mama Lucie, utie kidogo kidogo. Bandika karatasi juu ya nafasi, paka nyembamba, ngoja ikauke, paka tena. Mara tatu.”

“Nilianza kusonga bugali mbele uzaliwe.”

“Ukuta hauli bugali, mama.”

Nikajaza yote mara moja, nene, ju ya kumuonyesha. Jeudi asubuhi, siku tatu kabla ya wageni, ilikuwa imepasuka toka juu mpaka chini, na upande wa chini panya walikuwa wamekula.

“Inaendelea?” Cirimwami aliuliza toka kwake.

“Inaendelea muzuri.”

Nilifunga mulango, nikakwangua yote. Nikakata gazeti la Birindwa kwa vipande virefu, nikabandika, nikapaka nyembamba. Ilipokauka nikasugua na jiwe la volkano, yale mawe mepesi yenye matundu. Samedi, kesho wageni wanakuja, nikapaka ya pili. Ya tatu nilipaka dimanshi, nikitoka misa ya kwanza. Sikumwambia mutu.

Wageni walifika saa sita, muzee Sibomana mbele na kofia yake. Tuliwapa viti na bia, tukaingia chumbani. Birindwa alianza na kofia, akapita kwenye meno, akamalizia na ng’ombe za muzee, eti zinakonda kwa kumuangalia. Sauti ilikuwa ileile ya dirishani. Donatille alinishika mukono, kucha zake zikaingia kwenye nyama. Sikumnyamazisha Birindwa. Nilitaka kujua kama kazi yangu inazuia maneno.

Tulipotoka, saloni ilikuwa imejaa vilevile. Muzee Sibomana alikuwa amekaa wima kama yuko kanisani. Sikio lake la kuume lilikuwa jeupe, lote.

Ukutani, kwenye nafasi ya katikati, kulikuwa na alama ya sikio, safi kama muhuri wa ofisi.

“Muzee, tumekawia,” nilisema. “Hamkusikia tukiita bia ingine?”

“Hatukusikia kitu,” alijibu. Alionekana kukasirika kidogo. “Nyumba yako iko na utulivu, mama.”

Birindwa akatangaza kwamba tumekubali. Mimi nikaleta maji. Muzee alinawa mikono tu.

Kesho yake Cirimwami aliingia, akaona ile alama. “Mama Lucie, nikulainishie pale?”

Nilimwambia ukuta ungali mubichi. Ulibaki mubichi mpaka Donatille akazaa mutoto wa tatu.