Pasi Aliuliza Rangi

Watu wa ukumbini walimwita dada yangu Pasi, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na tisa alifika pale asubuhi kabla ya mchezaji yeyote, akazipiga brashi meza saba za snuka, ule mchezo wa kusukuma mipira mashimoni kwa fimbo, halafu akazipiga pasi. Ndiyo, pasi. Kile kitambaa cha kijani cha meza kina upande wake wa kulalia, kama manyoya ya paka. Ukikipiga kinyume, mipira inapotea njia. Ni kazi ya kuinama, na mgongo wake uliharibika mapema. Mchezo wenyewe aliuiba: akimaliza meza anacheza nusu saa peke yake, kisha anaipiga brashi upya ili tajiri asijue.

Mama hakuupenda mchezo huo hata kidogo. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa kunyoosha mambo. “Umri huu bado unacheza gololi,” alikuwa akimwambia, na dada anacheka tu. Lakini dada alipofika miaka arobaini na moja alishinda mashindano ya nchi nzima, akaalikwa kwenye ubingwa wa dunia wa wanawake, na mama akasema anakuja. “Nije nikione hicho kilichoninyima wajukuu.” Alishona gauni jipya kwa safari hiyo.

Sasa mimi nilikuwa na mzigo wangu. Miezi minane kabla, daktari wa macho alimwambia dada kwamba mishipa ya macho yake inakufa, yote mawili, na kwamba rangi ndizo zingetangulia kuondoka. Nyekundu na kahawia kwake zilikuwa zimeshakuwa kitu kimoja. Mwaka uliofuata asingeliona shimo la mbali.

“Mama akijua hatanitoa nje ya mlango,” aliniambia. “Niache nicheze hii moja, mdogo wangu. Baada ya hapo mtangazie hata kwa tarumbeta.”

Mimi sina kifua cha siri, wateja wangu wa kusuka wote wanalijua hilo. Hii niliimeza, ikanikaba miezi minane.

Kwa asiyeujua mchezo: unatia mpira mwekundu shimoni, halafu wa rangi nyingine, halafu nyekundu tena. Zamu ikiwa ya nyekundu ukagonga kahawia, umekosa, na mwenzako anapewa pointi nne na zamu ya kucheza. Kila mpira wa rangi una mahali pake, na kahawia ikikaa pake dada hakuwa na shida. Shida ilikuwa ikihama na kuingia katikati ya nyekundu.

Siku ya tatu alikutana na mwanamke mmoja mrefu, mpole, mwenye mkono usiotetemeka. Wa kwanza kushinda michezo mitatu ndiye angesonga mbele, mwingine angefunga mizigo. Dada aliongoza miwili kwa mmoja. Katika mchezo wa nne kahawia ilisukumwa kwenye nyekundu, naye akainama, akaigonga kwa kujiamini kabisa. Watu wakaguna.

“Amefanya nini?” mama akaninong'oneza.

“Amekosea.”

“Kosa la kitoto kabisa hilo.”

Mchezo ule ukaenda kwa yule mrefu, ikawa miwili kwa miwili. Wakati wa mapumziko nilimfuata chooni. Alikuwa ananawa uso.

“Muulize mwamuzi,” nikamwambia. “Sheria inasema ukiuliza rangi lazima akujibu.”

“Ukumbi umenyamaza kimya, na mama yuko safu ya pili. Nikimuuliza mwamuzi, nimemwambia mama.”

“Basi shindwa, urudi nyumbani na siri yako.”

Nilisema hivyo kwa hasira, na mpaka leo najuta. Alijifuta uso akatoka.

Mchezo wa tano ulikwenda bega kwa bega. Zikiwa zimebaki nyekundu nne, kahawia ikaviringika tena hadi katikati yao. Dada akainama. Akainuka. Akazunguka meza, akapaka chaki ncha ya fimbo ambayo ilikuwa na chaki tele. Mimi nilikuwa nimefumba macho, nasema moyoni uliza, mwanamke wewe, uliza.

“Samahani, mwamuzi,” nikamsikia. “Ile iliyo karibu na ya buluu, ni nyekundu au kahawia?”

“Kahawia,” mwamuzi akajibu.

“Asante.”

Akacheza nyingine. Mama alinigeukia na kuniangalia. Miaka thelathini darasani alikuwa akiwatambua watoto wasioona ubao kwa namna tu wanavyoinamisha shingo, akawasogeza mbele kabla wazazi wao hawajajua. Wa kwake hakumtambua. Niliona analipiga hesabu hilo, na nikatamani nisiwe nimekaa karibu naye.

Dada aliuliza mara nne zaidi, kila mara kwa sauti ileile ya heshima, na akashinda kwa pointi sita. Watu walisimama kumpigia makofi. Mama alibaki amekaa, mkoba mapajani.

Tulikutana kwenye korido. Nilidhani mama atampa mkono wa pongezi kwanza.

“Yule mwamuzi humjui hata jina, na umemuuliza mara tano,” mama alisema. “Mimi hukuniambia hata mara moja.”

“Ningekuambia ungenizuia, mama.”

“Ningekuzuia, ndiyo.”

Akatuacha pale, akaenda hadi mwisho wa korido, akasimama karibu na dirisha. Kulikuwa na hatua ishirini hivi. Dada alikaza macho upande ule, akayakaza tena.

“Analia?” akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, analia. Akanipa fimbo nimshikie, akamfuata polepole, mkono mmoja ukipapasa ukuta.