Fulana Namba Nane

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mashine ya kupiga chapa, kiti kisicho na mgongo, na filimbi. Mashine na kiti nilivitegemea, maana nilikuwa nimeajiriwa kama karani wa chuo cha ualimu pale Mwanza. Filimbi sikuielewa. Makamu Mkuu wa Chuo, mtu mrefu mwenye sauti ya chini kama anayesoma somo kanisani, alinisogeza dirishani. Chini ya miamba, kati ya bweni la wasichana na maji ya ziwa, palikuwa na sakafu ya saruji na milingoti miwili.

"Unapaona pale, Ndugu Kabula?"

"Napaona, Mkuu. Pa kuanikia dagaa."

"Asubuhi ni pa dagaa. Saa kumi ni uwanja wa mpira wa kikapu. Mwalimu wa Michezo hana karani wa meza, na wewe unaandika haraka."

"Mkuu, mchezo huo siujui."

"Hukuajiriwa kuucheza," alisema, akaniwekea filimbi kiganjani.

Vijana mnaosoma haya mmezoea namba zinazowaka ukutani. Sisi tulikuwa na meza ya darasani, saa ya mezani, karatasi, na penseli ya rangi mbili, nyekundu upande huu na buluu upande ule. Mchezo ulikuwa na vipindi viwili vya dakika ishirini. Kipindi cha kwanza niliandika kwa rangi nyekundu, cha pili kwa buluu, ili atakayesoma karatasi ajue jambo lilitokea lini. Kila kikapu kilikuwa pointi mbili, hata ukitupa kutoka bwenini, ila mtupo wa adhabu ulikuwa pointi moja. Mchezaji akimsukuma mwenzake, akimvuta au akimpiga mkono, mwamuzi anapiga filimbi na kutaja namba yake, nami naandika faulo. Zikifika tano, napuliza filimbi yangu na kuinua kibendera chekundu. Mchezaji huyo anatoka na harudi tena. Kwa hiyo karani, ambaye hakuna anayemtazama, ndiye mwenye neno la mwisho juu ya nani abaki na nani aende.

Nikikumbuka msimu ule wangu wa kwanza, mwanga wake wote unakuwa wa saa kumi na moja. Sijui kwa nini. Bila shaka kulikuwa na mvua, na kulikuwa na siku za kuchuma pamba katika shamba la chuo ambapo wasichana walirudi na vidole vilivyochanika. Ila kichwani mwangu jua limesimama palepale juu ya ghuba, magamba ya dagaa yanameta kwenye saruji, na wasichana kumi wanakimbia juu yake kwa hatua fupi fupi kama watu wanaovuka kijito. Magamba yale yaliteleza, ndiyo maana walijifunza hatua hizo. Wageni hawakuzijua. Walikuja na hatua ndefu, wakaanguka, wakalalamikia harufu.

"Leo tunacheza au tunakaanga?" aliniuliza nahodha mmoja wa timu ngeni huku akijifuta magoti.

Wasichana walikuwa kumi, fulana zilikuwa nane. Kitambaa cheupe kilichopatikana katika duka la ushirika kiliishia hapo, na mwalimu wa ushonaji alipima mara mbili bila kupata njia. Hivyo wachezaji wa akiba wawili walishirikiana fulana na wenzao. Anayetoka alivua, anayeingia akavaa, na wasichana wawili waliwazungushia kanga kwa muda huo. Vyuo vingine vya kando ya ziwa vilikuwa na shida hiyo hiyo, kwa hiyo tulikubaliana kuruhusiana. Tatizo lilibaki mezani kwangu, kwa kuwa mwamuzi hutaja namba tu. Mwalimu wa Michezo alinipa dawa yake siku ya kwanza.

"Ndugu Karani, kila ukiandika namba, weka na herufi ya mwenyewe. Mpaka fulana zije, herufi ndiyo fulana."

Namba nane ilikuwa ya Koku na Sesilia. Koku alikuwa nahodha, mwaka wake wa mwisho, binti wa mkulima wa kahawa kutoka Bukoba. Alikuwa mrefu na hakupenda maneno mengi. Sesilia alitoka Nansio, mfupi, mwepesi, na hakunyamaza hata alipokuwa akikimbia. Alicheza pale tu Koku alipopumzika. Kwenye karatasi walikuwa 8K na 8S, na nyuma ya kanga nilizoea kuwasikia.

"Umeilowesha tena. Leo ndizi zangu hupati."

"Jasho langu hilo dada, ndilo linalokupa mbio."

Tulivuka kwenda Sengerema tukashinda. Tulikwenda Nansio, tukalala katika madarasa juu ya mikeka, tukashinda. Tulirudi juu ya lori, wanaimba, mimi nimebana karatasi zangu kifuani zisipeperuke. Ikabaki mechi moja ya mwisho, uwanjani kwetu, dhidi ya chuo kutoka ng'ambo ya ghuba. Atakayeshinda angepanda treni kwenda Dar es Salaam kukutana na vyuo vya nchi nzima.

Hakuna kati yetu aliyewahi kufika Dar es Salaam. Mwalimu wa Michezo alikuwa ameniambia kuwa karani husafiri na timu yake. Niliazima sanduku kwa shangazi yangu wa Kirumba, nikalipanga na kulipanga tena. Ofisini, treni ikilia stesheni, vidole vyangu vilisimama juu ya mashine.

Sesilia alikuwa na jambo jingine. Baba yake hakupenda kusikia kwamba binti yake anakimbia mbele za watu akiwa na bukta. Kwa mihula miwili hakujibu barua zake. Kisha akaandika mistari miwili: atapanda meli siku ya mechi ya mwisho, aone kwa macho yake.

Siku ilipofika, meli ilichelewa. Mechi ikaanza. Koku alicheza kwa hasira na mapema akawa na faulo tatu, zote zangu za nyekundu, 8K, 8K, 8K. Mwalimu wa Michezo akampumzisha, kanga ikazungushwa, Sesilia akaingia. Alicheza vizuri huku akitupa jicho ziwani kila mpira ulipotoka nje.

Karibu na mwisho wa kipindi, meli ilitokea nyuma ya miamba. Nimeziona meli nyingi tangu hapo. Ile ilikuja polepole mno, nyeupe, moshi wake umesimama wima, na maji mbele yake yalikuwa laini kama shuka iliyopigwa pasi. Nilinyanyua macho. Niliwaza sanduku, nikawaza bahari ambayo sikuwahi kuiona. Filimbi ikalia.

"Nane, nyeupe!" alisema mwamuzi.

Mkono wangu uliandika nane kwa rangi nyekundu. Nilipotazama uwanjani, kanga ilikuwa tayari imezungushwa na wote wawili wako ndani yake. Faulo ilifanywa na Sesilia kabla ya kutoka, au na Koku alipokwisha ingia na sasa wanarekebisha fulana? Sikujua. Nikasema nitauliza wakati wa mapumziko. Mapumziko yalipofika watu wa meli wakamiminika, wakataka viti, nikasahau.

Mzee mmoja mwenye kofia ya pama alikuja kukaa nyuma ya meza yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Sesiria yuko wapi?" aliuliza kwa lafudhi ya Nansio.

Nilimwonyesha benchi. Alimtazama binti yake, aliyekuwa amejifunika kitenge magotini.

"Mbona amekaa?"

"Amekwisha cheza, mzee. Labda ataingia tena."

"Yaani nimevuka ziwa kuja kumwona mtu aliyekaa? Kukaa anakaa hata nyumbani."

Zilipobaki dakika mbili tulikuwa mbele kwa pointi moja, na Koku ndiye aliyetubeba. Hapo akampiga mkono msichana wa wageni. Niliandika 8K kwa buluu na kuonyesha vidole vinne. Kocha wa wageni akaja mbio.

"Faulo za namba nane zimefika tano! Mimi nahesabu tangu mwanzo!"

Mwamuzi alikuja mezani. Alikuwa Afisa Utamaduni, mzee wa taratibu, aliyekuwa akivaa tai hata uwanjani. Akapitisha kidole kwenye mstari wangu. Nyekundu tatu zenye K. Buluu moja yenye K. Na katikati, nyekundu moja tupu.

"Hii haina mwenyewe," alisema. "Meza inasemaje?"

Ningeandika S, Koku angebaki, nasi tungeshinda. Hakuna ambaye angeweza kunikanusha. Penseli ilikuwa mkononi, na sanduku lilikuwa tayari chini ya kitanda. Nikasema ukweli.

"Sikuona, Ndugu Mwamuzi. Nilikuwa natazama meli."

Watu walicheka. Sesilia akasimama kutoka benchi.

"Ni yangu hiyo, Ndugu Mwamuzi."

Koku akajibu kutoka katikati ya uwanja, bila kupaza sauti. "Anasema hivyo ili nisitoke. Ni yangu."

"Koku! Usifanye hivyo!"

"Kaa, mdogo wangu."

Mwamuzi alinigeukia. "Karatasi ni yako, Ndugu Karani. Andika."

Niliwaza kama nilivyoweza. Sesilia hapotezi kitu kwa neno lake. Koku anapoteza mechi, safari, na mwaka wake wa mwisho. Nikaona anayejiumiza kwa maneno yake ndiye wa kuaminiwa. Niliandika K, nikapuliza filimbi, nikainua kibendera.

Kanga ikazungushwa. Kwa kuwa Koku alikuwa mrefu, niliona kichwa chake juu ya kanga kikiinama, akimwambia Sesilia neno moja au mawili. Sesilia alitoka akiwa amevaa ile fulana kubwa, macho yamelowa.

Wageni wakafunga, tukawa nyuma kwa pointi moja. Sesilia akauchukua mpira, akaudunda kutoka mwisho hadi mwisho kwa zile hatua fupi, wawili wakateleza nyuma yake, akafunga. Nyuma yangu kiti kilianguka. Mzee alikuwa amesimama, kofia yake iko chini naye hana habari. Kisha, saa ikiwa na sekunde chache tu, wageni wakafunga tena. Tulishindwa kwa pointi moja.

Wasichana walilia. Mzee alivuka uwanja mpaka kwa binti yake, akamshika mikono yote miwili, akasimama naye hivyo. Aliporudi kuchukua kofia aliniambia, "Anakimbia kama mama yake."

Mwalimu wa Michezo alikuja mwisho. Nilingoja makaripio.

"Ndugu Karani," alisema, "siku nyingine tazama mpira. Meli itafika yenyewe."

Sanduku nililirudisha Kirumba. Treni ile nilikuja kuipanda miaka mingi baadaye, nikienda msibani, nikalala njia nzima. Baada ya chuo nilihamishiwa Nansio, kisha Sengerema chini ya Afisa Elimu aliyetaka kila barua iwe na nakala tatu, kisha nikarudishwa Mwanza. Kila kituo nilikuwa karani wa ofisi na karani wa meza. Niliwafundisha makarani vijana wasiache mstari bila mwenyewe, na niliwasimulia jinsi nilivyomtambua msema kweli siku ile. Nilijivunia hukumu yangu.

Niliendelea kujivunia mpaka nilipokwisha staafu, na Sesilia, naye mwalimu mkuu mstaafu, akaja kunitembelea hapa Kiseke. Koku alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia, huko kwao. Tulimzungumza kwa muda mrefu. Nilipofika kwenye hukumu yangu, Sesilia aliweka kikombe chini.

"Dada Kabula, ile faulo ilikuwa yangu. Nilimvuta fulana binti mmoja wa wageni, nami natazama meli kama wewe."

"Na Koku?"

"Alijua. Nyuma ya kanga aliniambia, 'Mzee amevuka ziwa. Hakuja kunitazama mimi.'"

Nje jua lilikuwa la saa kumi na moja. Niliingia chumbani, nikatoa nakala ya karatasi ile, iliyotoka chini ya karatasi ya kaboni, ambayo haionyeshi nyekundu wala buluu. Nilichonga penseli. Kazi ya karani ni kusahihisha kosa lake hata kama hakuna anayelidai.

"Utafuta K?" aliuliza Sesilia.

Niliiacha K ilivyo, nikaandika S kando yake. Kwa kanuni za meza, faulo moja haiwezi kuwa na wenyewe wawili, na Ndugu Mwamuzi angenirudishia karatasi hiyo palepale. Ningemjibu kwamba fulana ilikuwa moja.