Swali Ambalo Halikuwa Kwenye Karatasi

Barua ilisema wageni wanakuja kutoka Dar es Salaam kuwafundisha watoto wetu habari za bahari na utunzaji wa mazingira, na kwamba mwanafunzi atakayeuliza swali zuri kuliko wote atapelekwa kuiona bahari, yeye na mwalimu mmoja. Shuleni kwetu, nje kidogo ya mji wa Iringa, bahari tulikuwa tunaijua kwa dagaa tu, na hao nao mara nyingi ni wa ziwani.

Mwalimu mkuu hakutaka aibu. Watoto wakiachiwa waulize wenyewe, alisema, watauliza upuuzi. Kwa hiyo maswali nikatunga mimi, mwalimu wa sayansi, ambaye maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Mtera. Nikatunga kwa ufundi: "Je, ni hatua zipi stahiki zichukuliwe ili kunusuru viumbe wa baharini?" Mtoto gani wa darasa la sita anasema "hatua stahiki"? Wa kwetu, baada ya siku tatu za kukaririshwa. Karatasi nikawagawia wenye sare zisizo na viraka.

Ukabaki usafi. Nyuma ya madarasa kulikuwa na lundo la miaka: chupa za soda, vifuko vya sabuni, ndala zilizokatika. Kuchimba shimo kungechukua siku nzima, na wageni walikuwa wanafika kesho yake. Nikawapanga darasa la sita mstari, wakabeba takataka kwenye magunia mpaka mtoni, wakayatupa humo. Mimi nilisimama ukingoni nikihimiza, "Haraka, haraka, tutunze mazingira!" Wala sikuwa natania.

Wageni walikuja na fulana zenye picha ya kasa. Wakatuonyesha kasa aliyekufa kwa kumeza mfuko wa plastiki, watoto wakaguna kwa huruma. Wakaeleza jinsi mito inavyopeleka taka baharini. Kisha maswali yangu yakaulizwa, yote kwa sauti moja ya kughani shairi, na wageni wakawa wanaandika. Mwalimu mkuu akaninong'oneza kwamba mambo mswano.

Ndipo msichana mmoja wa nyuma, ambaye karatasi sikumpa kwa sababu ya sketi yake, akanyoosha kidole. Alikuwa anaishi na bibi yake ng'ambo ya mto, na kwa kuuliza hakuwa na mpinzani. Aliwahi kuniuliza samaki wa baharini wanapata wapi maji ya kunywa, nikamwambia akae chini.

"Shikamooni. Mmesema mito inafika baharini. Sasa yale magunia ya takataka tuliyotupa mtoni jana, yatafika lini huko kwa kasa?"

Mwalimu mkuu akacheka peke yake. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akanigeukia. "Mwalimu, ni kweli?"

Nikisema ndiyo, binti anaiona bahari. Nikisema hapana, shule inabaki na jina zuri, na huenda bahari nikaiona mimi.

"Hapana, mama," nikasema. "Huyu huwa anaotaota tu."

Msichana akakaa.

"Hatua stahiki" ikashinda, na aliyeitunga ndiye akapewa kusindikiza. Ufukweni mvulana aliyelikariri swali hilo, karatasi ikiwa imemwishia, aliuliza swali moja tu: choo kiko wapi. Yule mama alikuwa kando yangu anamenya chungwa.

"Magunia tuliyaona, mwalimu," akaniambia. "Yalikuwa yamekwama chini ya daraja wakati tunakuja kwenu."

Nikamuuliza sasa kwa nini hawakumchagua yule binti.

"Ripoti ilikuwa imeshaandikwa," akasema. "Ilibaki kujaza swali na jina la mshindi. Swali la kwenu liliingia vizuri."

Nilitamani kumcheka, nikakumbuka mimi ni nani. Niliona aibu, ile aibu inayokunyima hamu ya kula, na pweza aliyeletwa mezani nikamwacha.

Jumatatu nilimwita msichana pembeni baada ya kipindi. Nikamwambia swali lake lilikuwa la kweli na mimi nilidanganya mbele ya wageni. Nilitegemea alie, au anisamehe; nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili.

"Najua, mwalimu," akasema. "Wote tunajua. Tuliyabeba darasa zima."