Mkono wa Zaina

Mwaija binti Kitwana alikuwa mfinyanzi wa vyungu pale Miono, mwanamke mkali wa adabu. Bintiye Zaina aliugua homa akiwa mdogo, mkono wa kulia ukapooza nusu. Kula, kupokea, kuamkia wakubwa, yote Mwaija alitaka yafanywe kwa mkono huohuo. Wa kushoto ukijitokeza mbele za watu, alimfinya. Mtoto akazoea kuuficha ndani ya kanga.

Lakini akili alikuwa nayo. Huko kwenye chuo cha Kurani alishika sura ndefu kwa kusikia tu wenzake wakisoma, na Mwalimu Oswaldi wa shule ya serikali alikuwa akisema wazi kwamba hajaona mtoto kama yule.

Kumsifu ni kitu kimoja, kumwandikisha ni kingine. Umri ulipimwa kwa sikio: upitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, uguse sikio la kushoto. Zaina alishang'oka meno ya utotoni, alishawapita kimo wenzake walioandikishwa, na bado akaambiwa mara mbili kuwa ni mdogo. Utaratibu ni utaratibu, na Oswaldi hakuwa mtu wa kuuchezea.

Mwaka wa tatu baraza la wenyeji likakubali kumlipia karo mtoto mmoja mwenye kipaji. Oswaldi alimtaka Zaina, ila lazima apite kwenye sikio kwanza. Baba yake naye alishasema: akikataliwa tena, basi, abaki nyumbani angoje uwali, awekwe ndani mpaka aolewe.

Siku ya kuandikisha, mbele ya wazee wa baraza, Zaina aliuinua mkono wa kulia. Ukaishia kwenye paji la uso.

"Mwakani, Mama Zaina," alisema Oswaldi, na sauti yake ilikuwa ya huzuni.

Mwaija alimtazama bintiye. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulikuwa umejikunyata ndani ya kanga, mahali alipoufundisha yeye mwenyewe kukaa.

"Niwie radhi, mwalimu," alisema. Akaufunua mkono wa kushoto wa Zaina mbele ya wazee wote, akaupitisha juu ya kichwa cha mtoto. Ukalifunika sikio la kulia, vidole vikashuka mpaka shavuni.

Wazee waliguna. Oswaldi alilitazama sikio lililofunikwa, kisha akaandika jina.

"Amepita," alisema. "Na nafasi ya baraza ni yake."

Zaina hakusikia. Alikuwa amefumba macho, anangoja kufinywa.