Nimepata Mimba kwa Foleni ya Bucha

Leo nimepata mimba nikiwa kwa foleni ya bucha hapa soko la Burma.

Msicheke kwanza.

Nimetoka chuo, mathe amenituma nyama nusu kilo. Mama mmoja mbele yangu akageuka, akaniangalia tumbo, akatabasamu.

"Mnaendelea aje, mama?"

MNAendelea. Na mimi niko peke yangu!

Kabla nijibu akawapigia wenzake kelele: "Mpisheni huyu, mnamsimamisha aje na hali yake?" Watu wakasogea. Nikaletewa stuli. Mwenye bucha akaongeza kipande cha maini juu ya nyama yangu, akasema, "Hiki ni cha mtoto."

Hapo ndipo ningefaa kusema ukweli, najua. Nikafungua mdomo. Mama akauliza, "Miezi mingapi?"

Nikasema sita.

Sita, jameni! Sijui ilitoka wapi.

Akaniwekea mkono tumboni, akaomba hapo hapo, kwa sauti. Nikafumba macho nisilie.

Kwa sababu asubuhi darasani, nikikaa tu, jamaa wa nyuma alisema, "Wasee, tuombee hicho kiti." Darasa zima likacheka. Hata rafiki yangu, huyu tunayekaa naye.

Sasa mathe anauliza haya maini yametoka wapi. Nyinyi mngemwambia nini?

Tumbo ni lile lile. Asubuhi kimeombewa kiti, jioni ameombewa mtoto ambaye hayuko.

Mimi bado sijaombewa.